Si Wewe Uliyekata Laini

...na hilo ulilosema leo mchana jikoni, kwamba tangu niolewe ninacheka hata na sufuria, ni kweli na sina la kubisha. Ulilisema umenipa mgongo, unamenya ndizi, na kabla sijapata la kujibu ukatoka kwenda kuanua nguo ambazo hazikuwa zimekauka. Kwa mvua hii ya Tukuyu zingekauka lini. Tusekile, mwanangu, hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote ulizoniambia tangu harusi, na ingawa ilinichoma niliifurahia, nikaenda nayo dukani, nikawa nairudia peke yangu kila mteja alipotoka.

Kesho unakwenda Njombe. Sitakuandikia habari za blanketi, wala za kula kabla ya safari, wala za kuangalia mizigo yako stendi ya Mbeya. Hayo bibi yako ameshayasema na asubuhi atayasema tena. Mimi nataka kukuandikia habari ya ile kompyuta ya pembeni, iliyo chini ya meza. Unakwenda kusimamia chumba cha intaneti cha watu, na huko nako kutakuwa na kompyuta ya namna ile, kwa hiyo ukipenda yasome haya kama mambo ya kazi. Kwangu hayatengani. Mume nimempata kupitia mashine ile, na wewe nikakupoteza kupitia hiyohiyo.

Siwezi kutulia. Nimeinuka mara nyingi kuliko mistari niliyoandika. Nimekwenda kuligusa begi lako, nimerudi, nimefungua dirisha, nimelifunga. Idrisa ameniangalia mpaka akachoka.

"Zuhura, una homa?"

"Sina."

"Basi kaa."

"Nikikaa naumia."

Hakucheka. Alikwenda kuweka maji ya chai, akaniletea kikombe na kalamu nyingine, kwa sababu aliona hii inakwaruza. Ndivyo alivyo. Niruhusu niseme kidogo habari zake, kwa kuwa utasoma ukiwa mbali na hutalazimika kuniangalia usoni. Mtu huyu huamka kabla yangu kunichemshia maji ya kutawadha, kwa baridi hii yetu inayoingia mpaka kwenye mifupa. Akipata parachichi zuri njiani Kiwira anakotoka kufundisha, halili, hulileta limefungwa kwenye leso kama yai. Akiliita jina langu humu ndani, hata kama anatafuta chumvi tu, mimi huhisi nimeitwa kwenye sherehe. Mwanamke wa umri wangu, mwenye mvi, nasimama mlangoni jioni kusikiliza gari la Kiwira kama msichana wa kidato cha pili. Sikujua kwamba mtu anaweza kupewa furaha mara ya pili. Baba yako nilimpenda, Mungu amrehemu, na kumpenda Idrisa hakujapunguza chochote pale. Moyo umeongezwa chumba, basi.

Lakini kila ninapocheka na sufuria nakuona wewe umenipa mgongo.

Unakumbuka tulivyoanza. Baba yako alipofariki nilibaki na taipureta na cheti cha kidato cha nne. Nilichapa mikataba ya mashamba, mitihani ya shule, barua za watu wa mtaa wetu huu wa Bagamoyo waliokuwa wanafungua vibanda. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, kila mtu alitaka kuwa na duka, na kila mwenye duka alitaka karatasi yenye muhuri. Kisha zikaja kompyuta kuukuu kutoka Dar, tukazinunua, tukavuta laini ya simu, na watu wakaja kusoma barua pepe wakiwa na makoti ya mvua. Laini ilikuwa moja. Kompyuta zote zilipitia ile ya pembeni, na mzee mmoja wa Masukulu akaniuliza kwa nini yeye asiende moja kwa moja. Nikamwambia, mzee wangu, hiyo ya pembeni ni mshenga. Hakuna aendaye ukweni mwenyewe. Unamwambia mshenga unachotaka, anakwenda kwa niaba yako, anarudi na jibu. Mzee akaridhika kabisa. Akasema, "Basi mpeni kiti, mbona amekaa chini?" Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni.

Mafundi wanaiita proksi. Mimi mpaka leo naiita mshenga.

Idrisa alikuwa anafundisha Masukulu wakati ule, analeta mitihani yake nimchapie. Alipohamishiwa Singida ndipo nilipojua kwamba nilikuwa naisubiri ile mitihani. Tukapatana tuwe tunachati Jumamosi mchana, yeye kule kwenye kafe ya mjini, mimi hapa kwenye kompyuta ya karibu na dirisha. Ukurasa unaufungua, unauacha wazi, maneno yanakwenda na kurudi kama mmekaa benchi moja. Mwanangu, sijui nikueleze vipi. Mtu anakuandikia tu kwamba huko kuna vumbi na ameota ukungu wa Rungwe, na wewe unahisi umeshikwa mkono.

Kisha ukurasa ukaanza kukatika.

Nianze na pale nilipokosea kwanza, maana kazini utayaona haya kila siku. Nilidhani ni mvua. Nikadhani ni waya. Nikabadilisha kiti, nikabadilisha waya, nikazima na kuwasha, vyote kwa wakati mmoja, kwa hiyo hata kama kimoja kingesaidia nisingejua ni kipi. Ikikubali nashukuru, ikikatika nalaumu. Mtu mwenye haraka ya mapenzi si fundi mzuri.

Halafu nikaanza kuona kitu. Ilikuwa inakatika ukiwa karibu. Ukipita na ndoo, ukija kumwelekeza mteja, ukisimama nyuma yangu kutafuta karatasi, ukiondoka tu naikuta imekufa. Jumamosi ile uliyokwenda kumsaidia bibi yako kuvuna maharage, haikukatika hata mara moja. Tuliongea mpaka wateja wote wakaondoka. Nikajiambia, sasa nimejua.

Unaona ubaya wa ushahidi mzuri. Nililoliona lilikuwa kweli. Ukija, inakatika. Usipokuwepo, haikatiki. Kilichobaki ni kuuliza kwa nini, na mimi sikuuliza, nilikuwa tayari na jibu. Tangu jina la Idrisa lianze kutajwa nyumbani ulikuwa umepunguza maneno, na nilishaamua kwamba humtaki.

Siku ile yenyewe alikuwa ameniandikia: "Zuhura, nimtume mtu kwa mjomba wako?" Nilikuwa nimeyasoma maneno hayo na masikio yangu yanavuma. Ndipo ukaja na chai. Uliniletea chai ya tangawizi kwa sababu nilikuwa nimekohoa asubuhi. Ukaiweka pembeni ya kibodi, ukasimama, ukaanza kunisimulia habari ya yule karani aliyetaka kuchapiwa shairi la mchumba wake akaona aibu kulisoma kwa sauti. Ulikuwa unanisimulia jambo la kuchekesha, mwanangu, na mimi nilikuwa nakuombea uondoke. Niliweka mikono mapajani, nikaangalia dirishani kama mtu anayefikiria mvua. Mama yangu mzazi hakuwahi kulitaja jina la baba yangu mbele yetu. Mimi ningewezaje kumjibu mwanamume "ndiyo" nawe umesimama hapo na kikombe?

Ulipoondoka nikaandika: "Ndiyo, aje." Hayakwenda. Ukurasa ulikuwa umekatika. Nilipofungua tena Idrisa hakuwepo.

Nikainuka. Nikakukuta umeinama nyuma ya meza, kwenye nyaya.

"Tusekile, uache huo waya. Kama hutaki niolewe, sema kwa mdomo."

Wateja wote wakageuka kutuangalia. Yule karani ndiye aliyesema, "Mama, mtoto anafagia tu." Na kweli ulikuwa na ufagio.

"Mama, sijagusa," ukasema.

"Kila Jumamosi hujagusa."

Uliuegemeza ufagio ukutani, taratibu, usianguke. Ukachukua kanga yako ukaenda Masukulu kwa bibi. Chai niliikuta imepoa. Sikuinywa wala sikuimwaga, mpaka jioni.

Sasa kuna jambo sijawahi kukuambia. Keshoye Idrisa alinipigia simu, yeye ambaye simu aliiweka kwa ajili ya misiba. Akasema, "Kila nikikuuliza jambo zito, unaondoka. Kama hutaki, niambie, nitaelewa." Nikamweleza kwamba si mimi, ni Tusekile anayechomoa waya. Nilidhani atakasirika pamoja nami, na kusema kweli nilitaka hivyo. Badala yake akasema, "Usimseme mtoto mpaka ujue. Mimi nafundisha watoto. Anayesema hajagusa, mara nyingi hajagusa." Nikamwambia hakujui. Akasema, "Na wewe unayemjua umemwamini?"

Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia. Lakini Jumamosi iliyofuata nilikaa pale dirishani peke yangu, wewe ukiwa Masukulu, na katikati ya mazungumzo akaingia Mama Subi, jirani yetu wa vitenge.

"Shoga, unamwandikia nani mpaka unakitabasamia kioo?"

"Nasoma habari."

"Habari gani hizo zenye kuweka wanja?"

Mikono ikaenda mapajani. Akakaa, akazungumza habari za bei za Tunduma, za mumewe, za goti lake. Alipotoka nikaugusa ukurasa. Umekufa. Na Mama Subi hakuwa amesogelea waya wowote, goti lenyewe halimruhusu kuinama.

Nilikaa pale, Tusekile, nikajiuliza. Wewe na Mama Subi mnafanana nini? Hamfanani chochote. Ila wote wawili mlinifanya niweke mikono mapajani.

Safari hii nilifanya pole pole, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye mguu wa mtoto. Nikachukua ile kompyuta ya dirishani nikaiunganisha moja kwa moja na laini ya simu, bila kupitia kwa mshenga. Nikafungua ukurasa, nikanyamaza, nikaangalia watu wanapita na miavuli. Haukukatika. Nikairudisha kwa mshenga, sikubadilisha kitu kingine, nikanyamaza vilevile. Ukakatika. Nikaufungua tena, nikamwomba Idrisa tuandikiane upuuzi wowote bila kusimama. Hapo haukukatika ng'o. Kwa hiyo haikuwa mvua, wala waya, wala mtoto. Nikampigia fundi wa Mbeya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fundi, ile mashine ya pembeni inakata watu."

"Inakata wanaonyamaza, mama. Si ulilalamika wateja wanafungua kurasa, wanaziacha, wanakwenda kula chipsi, laini inazibwa? Nikaiambia, mtu akinyamaza sana, mtoe."

"Na anayefikiria je?"

"Mashine haimjui anayefikiria na aliyekwenda kula chipsi, mama. Kwake wote wameondoka."

Akaahidi kuja kuiongezea subira kwa kurasa za namna ile, na alikuja, ulimwona. Ila kabla hajaja alinifundisha ujanja. Ukitaka kunyamaza, tuma chochote kila baada ya muda mfupi, hata nukta, mshenga ajue bado upo. Nikamwambia Idrisa. Mwanangu, sijawahi kupokea barua ya mapenzi tamu kama nukta zile. Nilikuwa naweza kukaa nikilifikiria swali lake, nukta yangu inakwenda, yake inarudi, nukta, nukta, ukurasa mzima. Mwenye kafe wa Singida alimuuliza, "Mwalimu, siku hizi unafundisha nukta?" Alimjibu kwamba anajifunza.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyachekea. Na wakati nayachekea wewe ulikuwa Masukulu umebeba lawama yangu.

Nilikuja, unajua kwamba nilikuja. Ulikuwa umeteremka mtoni. Nilimkuta bibi yako anaanika kahawa, nikakaa naye, nikamwambia: "Mama, mwambie Tusekile nimekosea. Hakukata yeye. Ni mashine, na ni mimi." Kisha nikaondoka kabla hujapanda. Nilijipa sababu nzuri sana njiani. Mzazi hamwombi mtoto radhi uso kwa uso, kwetu hujaona mtu akifanya hivyo, huwekwa mtu wa kati, ndiyo heshima. Niliiita heshima. Ilikuwa woga, nilikuwa naogopa macho yako.

Ulirudi nyumbani. Idrisa alipohamishiwa Kiwira, ulipika kwenye harusi yangu, uliwanawisha wageni mikono, ulimwamkia Idrisa vizuri, na kwangu ukawa kama mtu anayehudumia mteja. Nikasema basi, nimeomba radhi na amekataa. Nikaumia, halafu nikaanza kukukasirikia tena.

Mpaka juzi, bibi yako alipokuja kukuaga, nikamuuliza tukiwa tunachambua mchele: "Mama, siku ile ulimwambiaje?"

"Nani?"

"Tusekile. Nilipokuachia maneno."

"Nilimwambia, gwe Tusekile, mama yako anasema yameisha, nenda nyumbani ukale."

"Hayo tu?"

"Maneno mengine ya nini kwa mtoto? Si yalikuwa yameisha?"

Hakukosea kwa ubaya. Alichukua maneno yangu akayafupisha kama anavyofupisha kila kitu, na kwa mdomo wake yakageuka. Mimi nilisema nisamehe. Wewe ulisikia umesamehewa. Ulirudi nyumbani umesamehewa kosa ambalo hukulifanya, tena na mwenye kosa mwenyewe, na ukanipikia. Tangu juzi silali vizuri. Idrisa alitaka akuambie yeye, nikamkatalia. Mjomba alijitolea, nikamkatalia. Nimeshaona maneno yangu yanavyofika yakipitia kwa watu.

Basi yasome kwa mwandiko wangu. Tusekile, hukugusa waya. Hukutaka kunivunjia ndoa, uliniletea chai. Nilikusingizia mbele ya watu wanaokujua na ambao utakutana nao maisha yako yote, na nilipojua ukweli nilijificha nyuma ya bibi yako. Nisamehe.

Huko Njombe watakujia watu wamefura, watakuambia mashine yako mbovu, au laini yako mbovu, au mwenzako wa zamu ndiye mbovu. Utajua la kufanya kuliko mimi nilivyojua. Nakuomba jambo moja tu, na si la kazi. Mtu akikukatikia, mimi au mwingine yeyote, usiharakishe kuamua kwamba ameondoka. Mimi nilikuamulia, na mpaka leo nalipa. Na ukinyamaza nami huko, kwa kuwa una haki ya kunyamaza, sitakuhesabu kama umeondoka. Sitahitaji nukta. Nitajua unafikiria.

Barua hii nitakupa mwenyewe mkononi, wala siiweki kwenye begi wala simpi mtu. Usiifungue stendi. Idrisa atabeba sanduku mpaka garini kisha atarudi, nimemwomba atuache, naye alisema tu, "Niite nikihitajika kwa mzigo." Usinijibu kesho. Kesho kutakuwa na bibi, na majirani, na mvua, na utaniangalia kama unavyoniangalia, nami nitavumilia.

Lakini siku ile ulisema maneno mawili tu, "Mama, sijagusa," nikakukata. Yaliyobaki unayo. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuja Njombe, peke yangu, mchana, wakati kafe imejaa. Nitakaa kwenye benchi pamoja na wateja wako, na zamu yangu ikifika uyaseme yote, kwa sauti yoyote uipendayo, mbele yao, na mimi nitanyamaza mpaka umalize.

Mama yako,
Zuhura